Mishono ya Koti la Mzee

Katika picha ya baba mkwe wangu kuna weusi wa namna tatu. Upo weusi wa ukuta ulio nyuma yake, ukuta wa mawe ya volkano yenye matundu na makali, ambayo hapa kwetu Mabanga, mjini Goma, ndiyo msingi, ndiyo uzio, na ndiyo njia tunayoikanyaga. Upo weusi wa koti lake la sherehe, alilolikata na kulishona mwenyewe. Na upo uso wake. Anayetaka kuichapisha picha hiyo kwa nyeusi na nyeupe hana budi kuvitenga vitu hivyo vitatu, na bado kila kimoja kibaki cheusi. Nyumba yetu nzima ilihangaika na kazi hiyo kiangazi chote cha mwaka 2025.

Mzee alikuwa fundi cherehani. Miaka mingi alikaa soko la Virunga, na miguu ilipoanza kumsumbua akaihamishia cherehani yake barazani kwetu. Aliwashonea watu sare za shule, suti za harusi na kanzu za kwaya, lakini lile koti lilikuwa lake. Sufu nyeusi, kola ya mahameli, vifungo vilivyovikwa kitambaa kilekile, na ukingoni mwa kola mshono wa mkono, hatua ndogo ndogo zilizolingana tangu mwanzo hadi mwisho. Ukilishika koti lile karibu na dirisha unaziona tofauti zote: sufu inakunywa mwanga, mahameli inaurudisha kidogo ikilazwa upande mmoja, uzi unameta. Vyote vyeusi. Ufundi wake ulikuwa hapo, katika tofauti hizo ndogo ambazo mtu asiyejua nguo hazioni.

Tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka usiku na lava ikasimama Buhene, sisi hatukuondoka. Tuliondoka tarehe 27, serikali ya mkoa ilipoamuru mitaa kumi ya Goma ihame, Mabanga Kaskazini na Mabanga Kusini zikiwemo. Mzee alikwenda Sake kwa miguu, jua kali, akiwa amevaa koti lile la sufu, maana hakuwa tayari kuliacha nyuma. Tuliporudi alikaa juu ya kiti chake cha mbao kwenye kivuli cha ukuta, bado amelivaa, na binti yetu, kifungua mimba, akampiga picha kwa simu. Ni picha nzuri kuliko zote alizowahi kupigwa. Anaangalia moja kwa moja, mikono juu ya magoti, na koti limekaa mabegani kwake namna ambayo aliyelishona tu ndiye anayeweza kulivaa.

Alipofariki, mama mkwe hakudai mambo mengi kwa ajili ya matanga. Alitaka picha hiyo, kubwa, ya nyeusi na nyeupe, itundikwe sebuleni. Sababu yake tuliijua. Picha yao ya harusi ilikuwa ya studio, nyeusi na nyeupe, kwenye karatasi nzito, na iliteketea tarehe 17 Januari 2002, siku lava ilipopita katikati ya mji hadi ziwani. Wakati huo walipanga nyumba isiyo mbali na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ambalo nalo lilimezwa. Tangu siku hiyo hakuwa na picha ya mumewe ukutani.

Picha ya kwanza tuliichapisha kwenye studio moja ya mjini. Mume wangu aliileta imefungwa kwa gazeti, akaiweka mezani, na sote tukanyamaza. Uso ulikuwa wa kijivu. Koti na ukuta vilikuwa kitu kimoja cheusi, hakuna bega, hakuna kola, hakuna mahali mkono ulipoanzia. Mama mkwe aliichukua, akaisogeza dirishani, akaigeuzageuza akiitafutia mwanga.

“Koti ya mzee iko na mishono,” alisema. “Mishono iko wapi?”

Hakuna aliyemjibu.

“Hii si koti. Hii ni blanketi.” Akaifunga tena kwa gazeti lake na kumrudishia mwanawe. “Siiweki kwa ukuta yangu.”

Maneno yale yalimchoma mume wangu, lakini mimi niliona kwamba Mama amesema jambo ambalo fundi yeyote wa picha angepaswa kulisema. Kosa halikuwa kwamba picha ni nyeusi mno. Kosa lilikuwa kwamba ndani ya weusi hapakuwa na kitu.

Kilichotokea ni rahisi kukieleza. Picha iliyopelekwa studio ilikuwa imetumwa kwa simu, kutoka kwa binti hadi kwa baba, kutoka kwa baba hadi kwa shangazi aliyeko Bukavu, kisha ikarudi. Programu za kutuma ujumbe huibana picha kila inapopita. Faili ya JPEG huigawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8, na inapobanwa zaidi hutupa kwanza zile tofauti ndogo ndogo zilizo ndani ya kila mraba. Tofauti kati ya uzi mweusi na sufu nyeusi ni ndogo kuliko zote zilizomo pichani. Hiyo ndiyo hufa kwanza. Mishono ya mzee ilipotea njiani, kabla printa yoyote haijaguswa.

Bahati njema, simu ya binti ilikuwa bado na picha ya asili. Tuliitoa kwa waya tukaiweka kwenye kompyuta, na mishono ikawapo. Hapo mume wangu akaamua kwamba kazi hii haitatoka tena nje ya nyumba. Jirani alikuwa anafunga ofisi yake ya kuchapa na kutoa fotokopi, akawa anauza printa ya wino yenye matangi manne: nyeusi, samawati, waridi na njano. Benki za mji zilikuwa zimefungwa tangu Januari, kwa hiyo mume wangu akamlipa kwa simu, kidogo kidogo. Printa ikapewa nafasi ya heshima juu ya meza ya kulia, na sisi tukawa tunakula juu ya mikeka.

Akanunua na karatasi ya picha, ile ya kung'aa, maana kila mtu husema weusi mzito unataka karatasi ya kung'aa. Kwa vipimo wanasema kweli. Weusi wa karatasi hupimwa kwa kuangalia ni mwanga kiasi gani unaorudi. Karatasi nzuri ya kung'aa, yenye wino unaoifaa, huweza kurudisha takriban nusu ya asilimia moja tu ya mwanga unaoiangukia. Karatasi isiyong'aa hurudisha asilimia mbili hivi au tatu. Ukisoma namba hizo peke yazo, huna haja ya kufikiri zaidi. Lakini namba hizo hupimwa mahali ambapo hakuna dirisha.

Karatasi ilitoka, na picha ilikuwa nzuri mara kumi kuliko ile ya studio. Kola ilionekana. Tukaiacha ikauke usiku kucha. Asubuhi Mama aliichukua akaketi nayo mlangoni.

“Koti imekuwa ya kahawia.”

“Hapana, Mama,” mume wangu alijibu. “Jana niliiangalia vizuri. Kama ina rangi, basi ni ukijani kidogo, siyo kahawia.”

“Mimi nilikaa na fundi nguo tangu nikiwa msichana. Unanifundisha kahawia?”

Mabishano hayo yaliendelea hadi chakula cha mchana na yakaingiza watu wa nje. Shangazi mmoja aliona kahawia. Jirani aliyekuja jioni, taa ikiwa imewashwa, aliona kijani. Mtu na mama yake wakafika mahali pa kutosemezana kwa ajili ya rangi ambayo haikupaswa kuwapo kabisa. Nilichofanya ni kuwaita wote wawili dirishani saa tatu asubuhi, kisha kuwaita tena chini ya taa ya LED saa moja jioni, picha ileile mkononi. Kila mmoja akaona alichokuwa anakiona mwenzake.

Wote walikuwa sahihi. Katika printa nyingi za nyumbani za aina hii, tangi la wino mweusi ni kwa ajili ya maandishi. Wino huo ni wa chembe ndogo sana za kaboni zinazokaa juu ya karatasi. Kwenye karatasi ya kung'aa chembe hizo hazishiki, hufutika kwa kidole. Kwa hiyo ukiiambia mashine kwamba umeweka karatasi ya picha, inafunga tangi la mweusi kimyakimya na kuutengeneza weusi kwa kuchanganya rangi tatu zilizobaki. Weusi wa kuchanganya ni mapatano ya rangi tatu chini ya mwanga mmoja. Badilisha mwanga, mapatano yanavunjika: mchana unavuta upande huu, taa inavuta upande ule. Picha yenye rangi nyingi huificha aibu hiyo. Picha ya nyeusi na nyeupe haina pa kuificha.

Mume wangu, akiisha kuelewa kwamba tangi la mweusi lilikuwa limefungwa, alitaka kulifungua kwa nguvu. Aliacha karatasi ileile ya kung'aa ndani ya mashine, akachagua “karatasi ya kawaida” na ubora wa juu kabisa. Mashine ikatii. Ilimwaga wino mweusi juu ya karatasi isiyoweza kuunywa, na picha ikatoka inametameta, imejaa maji, na wino umekusanyika katika mikunjo ya koti ukafunika kila kitu. Kwa dakika chache ulikuwa weusi mzito kuliko wowote tuliouona. Kitinda mimba wetu, ambaye alikuwa na miaka sita na alimpenda babu yake kupita kiasi, aliikuta mezani. Akamshika babu usoni kwa kiganja chote.

Kisha akakimbilia kwa bibi yake kumwonyesha mkono.

Kikwembe ambacho Mama alikuwa amekivaa ndicho alichokuwa anakijaribu kwa ajili ya matanga, sare ya ukoo mzima, kitambaa kilichonunuliwa pamoja ili wote wafanane. Vidole vitano vikabaki pale kiunoni. Kaboni haitoki kwa sabuni. Tulijaribu sabuni ya kipande, tukajaribu ndimu, tukajaribu maji ya moto, na alama zikapanuka tu. Mtoto alilia hadi akalala. Mama hakumgombeza hata kidogo. Alingoja asubuhi, akatafuta kipande kilichobaki cha kitambaa kilekile, akakikata, akalinganisha maua ya kitambaa na maua ya kikwembe, akashona mfuko juu ya vile vidole. Alitumia cherehani ya mumewe. Usipoambiwa huwezi kujua kama mfuko ule haukuwapo tangu mwanzo.

Hapo ndipo shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, aliporudi kutoka Butembo. Yeye hupiga picha za harusi na ameshika printa za kila namna. Alitusikiliza sote, akaangalia zile karatasi, kisha akatuuliza swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameliuliza: mashine hii inaona weusi wa namna ngapi?

Simu huandika kila nukta ya picha kwa namba, kuanzia 0, ambayo ni weusi mtupu, hadi 255, ambayo ni weupe mtupu. Shemeji alitengeneza ukanda wa miraba: wa kwanza 0, wa pili 4, wa tatu 8, hivyo hivyo hadi 60, akauchapisha kwenye kipande cha karatasi. Tukauangalia dirishani. Miraba ya mwanzo yote ilikuwa kitu kimoja. Jicho lilianza kuona mpaka kati ya mraba na mraba baada ya 20 hivi. Halafu akatuonyesha kwenye kompyuta namba za koti la mzee: sufu, kola, vifungo, vyote vilikuwa kati ya 5 na 40. Nusu ya koti ilikuwa inaishi katika eneo ambalo mashine yetu hailioni.

Kwa nini basi mishono tuliiona vizuri kwenye kompyuta? Kwa sababu mume wangu alikuwa anafanya kazi usiku, taa zimezimwa, mwangaza wa kioo umewekwa juu kabisa. Kioo hutoa mwanga wake chenyewe, karatasi huuazima. Shemeji aliushusha mwangaza wa kioo hadi ukurasa mweupe ukafanana na karatasi nyeupe iliyoshikwa pembeni karibu na dirisha, na mara mishono ikazama pale pale kwenye kompyuta. Tukaanza kuona kile ambacho karatasi ilikuwa inatuambia tangu mwanzo.

Dawa haikuwa kuipausha picha yote. Hilo ndilo studio nyingi hufanya mteja akilalamika: huinua kila kitu, na mtu mweusi anageuka wa majivu. Shemeji aliinua robo ya chini peke yake. Kilichokuwa 5 akakisogeza hadi juu kidogo ya mpaka ule tulioupata kwenye ukanda, kilichokuwa 40 akakiachanisha nacho zaidi, na katikati na juu hakugusa. Kisha akaacha mahali pachache pabaki 0 halisi: matundu ya mawe, kivuli kilicho chini ya kwapa, tundu la kifungo. Hapo nilielewa jambo ambalo sasa nalisema kwa kila mtu. Jicho huupima weusi kwa kilicho jirani yake. Koti ambalo lote ni 0 linaonekana limefifia, maana halina cha kulinganishwa nacho. Koti lenye matone machache ya weusi mtupu ndani ya weusi mwingine ulio hatua moja juu yake linaonekana zito, na linakuwa na kina unachoweza kutia mkono.

Uso nao ulikuwa na habari yake. Tulikuwa tumeigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe kwa kuondoa rangi tu, na uso wa mzee ukaangukia kijivu kilekile cha ukuta. Lakini ngozi nyeusi haikosi rangi, ni kahawia yenye wekundu mwingi, na jiwe la lava halina wekundu huo. Shemeji alichukua kijivu chake zaidi kutoka kwenye sehemu nyekundu ya picha, na uso ukajitenga na jiwe bila kupaushwa. Mifupa ya shavu ikatokea, na ule mkunjo kati ya nyusi alioupata kwa kutunga uzi kwenye sindano miaka yote ile.

Usiku ule tuliongea sana kuhusu mafundi wa zamani, maana mama mkwe alikumbuka kila kitu cha picha ya harusi isipokuwa jina la aliyeipiga. Karatasi zile za picha za zamani, zenye madini ya fedha, zilikuwa na weusi ambao printa za wino zilichukua muda mrefu kuufikia. Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na watu wa visiwani walitoka pale na picha ambazo familia zinazitunza hadi leo. Bamako, Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948 na kuwapiga watu waliovaa nguo zao bora. Picha alizowapa zilikuwa ndogo, za sentimita 13 kwa 18, ukubwa wa negativu yenyewe, na vijivu vyake vilikuwa laini. Miaka ya 1990, Ulaya ilipoanza kuzikuza kwa ajili ya kumbi za maonyesho, zilichapishwa kwa weusi mkali zaidi. Wapo wanaozipenda hivyo. Mimi nipo upande wa picha ndogo, kwa sababu aliyevaa ile nguo alikuwa amelipa fundi kwa kila mkunjo, na weusi mkali hula mikunjo.

Upande wa wino, hatua kubwa ilikuja mwaka 2005, Epson walipotoa wino wa weusi watatu kwa pamoja, mmoja mweusi kabisa na wawili wa kijivu, ili mashine isilazimike kuchanganya rangi kupata kivuli. Wapigapicha wa sanaa hutumia mashine za aina hiyo. Shemeji alisema tukiwa nayo kazi ingekuwa ya mchana mmoja. Hatukuwa nayo, na matanga yalikuwa yanakaribia.

Tulichokuwa nacho ni tangi moja la kaboni safi, na ikabidi tuitafutie karatasi inayoipenda. Karatasi hiyo ni ile isiyong'aa, nzito, yenye tabaka la kunywa wino. Goma tuliikosa. Ikaagizwa Kigali, ikaja kwa basi hadi Gisenyi, na binti akavuka mpaka wa barrière ndogo kuichukua. Katika mashine tukachagua jina la karatasi isiyong'aa, si ya kawaida wala ya kung'aa, na hapo tangi la mweusi likafunguka kwa halali yake, kwa kiasi ambacho karatasi inaweza kukinywa.

Bado kiangazi cha Goma kilikuwa na neno lake. Vumbi letu ni vumbi la lava, jeusi, jepesi, linaingia hadi ndani ya sukari. Likitua kwenye karatasi kabla ya kuchapishwa, wino unaangukia juu ya chembe ya vumbi badala ya karatasi. Kesho yake chembe inadondoka, na pale inabaki nukta nyeupe. Kwenye anga ya mchana nukta hiyo haionekani. Kwenye koti jeusi inaonekana toka mlangoni. Picha moja nzuri sana tuliipoteza hivyo. Mama akaleta brashi laini ya nguo ya mzee, ile aliyokuwa akipigia suti kabla ya kumkabidhi mteja, na tangu hapo kila karatasi ilipigwa brashi kabla ya kuingia. Nyingine tuliipoteza kwa umeme, uliokatika picha ikiwa imefika kifuani. Uliporudi mashine ikaanza upya na kuacha mstari ukutani kwenye mawe. Shemeji akasema tusichapishe tena jioni, saa ambayo mtaa mzima unapika na kupiga pasi. Tukawa tunachapisha alfajiri.

Hatimaye picha nzima ilitoka alfajiri. Hatukumruhusu mtu kusema chochote hadi ikauke, maana wino mbichi hudanganya. Kesho yake tuliipeleka ukutani, na hapo nikaelewa kwa nini zile namba za vipimo hazikutosha. Viwango vya kimataifa vya kuangalia picha zilizochapishwa vinataka mwanga wa lux 2000 kwa ukaguzi mkali na lux 500 kwa kuangalia kwa kawaida. Sebule yetu ni ya mbao, ina dirisha moja na mlango, na hata saa sita mchana iko mbali sana na 500. Tulipotundika karatasi ya kung'aa mkabala na dirisha, dirisha lote lilikaa juu ya koti la mzee na weusi wake wa nusu asilimia ukawa weupe. Karatasi isiyong'aa, ambayo kwa vipimo ni dhaifu zaidi, ilibaki nyeusi kila uliposimama. Tukaihamishia kwenye ukuta wa pembeni ili mwanga uipitie ubavuni. Shemeji akarudi kwenye kompyuta, akainua vivuli hatua moja zaidi kwa ajili ya giza la chumba kile, akaichapisha tena. Ukiichukua picha hiyo ukaitoa nje juani, utasema imepauka kidogo. Sebuleni kwetu imekaa sawa, na haikuchapishwa kwa ajili ya jua.

Mama alivuta kiti akakaa mbele yake. Alianza na bega, akashuka kwenye kola, akafuata ukingo wa mahameli kwa kidole bila kuugusa.

“Hapa uzi ulimwishia,” alisema, akionyesha mahali chini ya kola. “Akaunga.”

Mimi nilikuwa nimelitazama lile koti miaka yote na sikuwahi kujua. Mume wangu akaenda kulitoa kabatini. Ni kweli, upo muungo hapo, chini ya kola upande wa kushoto, fundo dogo kuliko kichwa cha pini, na kwenye picha lilikuwapo.

Siku ya matanga watu walikuja kutoka Sake, kutoka Kiwanja, na wifi yangu akavuka ziwa kwa boti kutoka Bukavu. Mama alivaa kikwembe chake chenye mfuko. Wengi walisimama mbele ya picha wakamtaja mzee, na zaidi ya mmoja akamtaja kama aliyewashonea suti ya harusi. Tulichapisha nakala nyingine ikaenda Bukavu na wifi, pamoja na faili ya asili kwenye kadi ya kumbukumbu, ili mlima ukilipuka tena isiwe kila kitu kiko chini ya paa moja. Nyuma ya kila nakala Mama aliandika kwa penseli jina la mzee, mwaka, na jina la mjukuu aliyempiga picha.

Nawaomba wenye studio za Birere, za Virunga na za mjini kati. Mteja akileta picha ya mtu mweusi aliyevaa nguo nyeusi, msiongeze weusi na msimpaushe uso. Mdaini kwanza faili ya asili kutoka kwenye simu iliyopiga picha. Mwambieni mtachapisha kwenye karatasi gani na kwa wino upi. Kisha muulizeni itatundikwa wapi, na dirisha la chumba hicho liko upande gani.